Kipande cha Mkono

Kofia yake ilikuwa safu tatu mbele yangu, kiti cha pembeni, na nilipoiona nikajishusha kitini nisionekane. Kofia ya sufu ya kijivu, ile ile aliyoivaa studioni miaka yote, hata kwenye joto la Agosti, kwa madai kwamba baridi ya kiyoyozi inamwingia utosini. Ilikuwa Ijumaa, saa mbili unusu asubuhi, onyesho la kwanza kabisa, katika jumba la sinema la Tachikawa. Sikuwa nimemwalika. Nilikuwa nimeomba, kwa kila mungu niliyemkumbuka, asubiri diski itoke aitazame nyumbani kwake, mbali na macho yangu.

Sisi wachora katuni tuna tabia hiyo. Filamu ikitoka, wakubwa wanapanda jukwaani kusalimia watu, na sisi wengine tunakata tiketi kama raia wa kawaida, tunajificha katikati ya watazamaji na kusikiliza wanavyopumua. Nilikuwa msimamizi wa michoro wa filamu ile. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, nimekonda, vidonge vya tumbo vimejaa mfukoni, na kichwani mwangu kulikuwa na swali moja tu, lile lile lililowatoa watu wote wale vitandani asubuhi yote ile. Je, filamu itaufikia mfululizo?

Mfululizo wenyewe, Kisima cha Majivu, ulikuwa umeonyeshwa kwenye televisheni miaka saba nyuma, vipindi kumi na tatu vya giza tupu. Kuna msichana anaitwa Rui, mlinzi wa kisima ambacho wafu hujaribu kurudi kupitia humo. Kaka yake anakufa, anarudi akiwa dubwana la majivu, na katika kipindi cha tisa Rui anamshika mkono ukingoni mwa kisima, kisha anamwachia. Sekunde nane, bila neno hata moja. Nawajua watu wazima walioshindwa kwenda kazini kesho yake. Mashabiki walikiita kipande cha mkono, nasi tukakiita hivyo hivyo. Aliyekichora ni Mwalimu Kuwabata Sadao, mwenye kofia.

Filamu ilisimulia kisa kile upya na kukifikisha mwisho, kwa hiyo kipande cha mkono kilibidi kichorwe upya. Alikichora yeye tena. Mimi ndiye niliyekipitisha, na ndiyo maana sikuweza kukaa vizuri kwenye kiti.

Mwalimu ndiye aliyenifundisha kazi. Kwetu, mchoro ukimalizika unatiwa kwenye bahasha na kupelekwa kwa msimamizi. Msimamizi hafuti kitu. Analaza karatasi nyembamba ya njano juu ya mchoro wako, anawasha taa chini ya kioo cha meza, na kuchora juu yake mstari ulivyopaswa kuwa. Wako unabaki chini, ukionekana kwa mbali, ili ujue ulipokosea. Mwaka wangu wa kwanza bahasha zangu zilikuwa zinarudi zimevimba kwa njano. Siku moja nilikwenda kulia chooni, na nilipotoka nikamkuta amesimama kwenye ujia na makopo mawili ya chai ya shayiri.

"Unalia nini, Hiyama?"

"Hamkuniachia hata mstari mmoja, Mwalimu."

"Sasa ulitaka nikuachie? Yule mwenzako Sugaya simwekei njano siku hizi. Unajua kwa nini? Nimeshamkatia tamaa." Akanipa kopo. "Kunywa. Halafu ukalirudie lile sikio, limekaa kama uyoga."

Nililirudia sikio lile mara kumi na moja. Sugaya aliacha kazi kabla ya mwaka mpya.

Mwezi Februari wa mwaka wa filamu, Wakui, mratibu wetu, mwanamke aliyekuwa akizunguka Tokyo nzima na kigari chake cheupe akikusanya michoro, aliniwekea bahasha mezani kwa mikono miwili.

"Ya Mwalimu hiyo."

"Umemwona? Anaendeleaje?"

Wakui akavua glavu zake taratibu. "Chai alimimina mkewe," akasema, kisha akaenda zake.

Mwalimu hakuwahi kumwachia mtu birika lake. Niliifungua bahasha, na karatasi ya kwanza tu ilinitosha. Mstari ulikuwa unatetemeka. Mkono wa Rui, mkono ambao wachoraji wa nchi nzima walikuwa wameuiga wakijifunza kazi, ulikuwa na kingo zilizochakaa, penseli imerudiwa mahali pamoja mara tatu au nne ikitafuta njia. Nilizipitisha karatasi zote vidoleni, haraka, kama tunavyofanya kuona mchoro ukitembea. Zikatetemeka zote.

Nililaza karatasi ya njano juu ya mchoro wa kwanza nikashika penseli. Mchana wote ukapita hivyo. Kila nilipotaka kuchora, nilimwona amekaa pale kwake Mitaka, mkono wa kushoto umeushika wa kulia. Nikajiambia kwamba kutetemeka kule kuna uzuri wake, kwamba msichana anayemwachia kaka yake ni halali mkono umtetemeke. Huenda ilikuwa kweli. Lakini mimi sikuanza na ukweli huo. Nilianza na huruma, huo ukweli nikautafuta baadaye. Jioni nikairudisha njano kwenye droo ikiwa tupu, nikaandika juu ya bahasha agizo kwa wale wanaojaza hatua za katikati, kati ya mchoro na mchoro: Fuateni mstari ulivyo, msinyooshe.

Kesho yake mwongozaji, Tokunaga, alikuja mezani kwangu na bahasha ile mkononi. Tokunaga hakuwa mtu wa kupandisha sauti, akikasirika ndiyo anazidi kuwa mpole.

"Hiyama, hiki hakina njano."

"Hakihitaji."

"Watu wamekingoja miaka saba. Kikiwa chini ya kile cha zamani, hawatasema mzee amechoka. Watasema sisi ndio tumekiua." Akanitazama usoni. "Unasimama nacho?"

"Nasimama nacho."

"Haya. Ni shingo yako," akasema kwa upole, na mimi nikameza kidonge.

Wiki ile ile Mwalimu akapiga simu. Hakusalimu sana, hakuwa na desturi hiyo.

"Umekipitia?"

"Nimekipitia, Mwalimu."

"Ulikuta nini?"

Nakumbuka nilikuwa nauzungusha waya wa simu kwenye kidole. "Kimekaa vizuri," nikasema.

"Vizuri," akarudia, kisha akakata simu, na tangu siku hiyo hadi asubuhi ya Tachikawa hatukuzungumza tena.

Sasa taa zilikuwa zimezimwa na filamu ilikuwa inakwenda. Ilikwenda vizuri, naweza kusema hivyo bila kujisifu. Dubwana la majivu lilipotoka kisimani ukumbi mzima ulirudi nyuma vitini. Lakini mimi sikuitazama filamu. Nilitazama kofia. Nilikijua kila kipande kinachokuja, kwa hiyo nilikuwa nahesabu, zimebaki dakika sita, zimebaki nne, na jasho la viganja linaloanisha sketi.

Kikafika. Muziki ulinyamaza, ukabaki mkono wa msichana umeshika ukucha wa majivu, mstari unatetemeka kwenye kioo kikubwa kama ukuta wa nyumba. Vidole vikafunguka. Mtu mmoja kushoto kwangu akavuta kamasi, halafu mwingine, halafu safu nzima. Ningepaswa kufurahi. Kofia haikusogea.

Majina yalipoanza kupanda hakuna aliyeinuka. Kwetu hainuki mtu mpaka jina la mwisho lipite na taa ziwake. Watu wanakaa gizani kimya, miavuli magotini, wanasoma majina ya wasiowajua. Siku nyingine naipenda sana heshima ile. Asubuhi ile ilikuwa mateso. Jina lake likapita, langu likapita, na kofia ikabaki pale pale kama iliyosahauliwa na mwenyewe.

Nje, kwenye foleni ya kununua vitabu vya kumbukumbu vya filamu, nilisimama nyuma ya wanawake wawili wa rika langu. Mmoja alikuwa na begi limejaa vibandiko vya Rui.

"Mimi nasema mfululizo bado uko juu," alikuwa akisema.

"Acha wewe! Na ulivyolia mpaka miwani ikaingia ukungu?"

"Kulia nimelia. Lakini kwenye ule wa zamani Rui alikuwa anang'ang'ania, hataki. Huyu kaachia tu."

"Mkono si ulikuwa unatetemeka? Unataka nini tena?"

"Sijui. Kuna kitu hakipo."

Nilisikia neno kutetemeka tu, masikio yakawaka moto. Mengine yote niliyaacha yapite. Nilipogeuka, Mwalimu alikuwa amesimama karibu na nguzo, anafunga vifungo vya koti, na kila kifungo kinamchukua muda. Niliinama sana, nikakaa nimeinama kupita kiasi kwa sababu niliogopa kuinua uso.

"Inuka bwana, watadhani umeniibia," akasema. "Rangi nzuri. Muziki umezidi kidogo kule kwenye daraja. Dubwana safi."

Nikangoja. Akafika kifungo cha mwisho.

"Na kipande cha mkono, Mwalimu?"

"Hukukiangalia."

"Nilikiangalia mchana kutwa, nawaambia kweli, nili..."

"Uliniangalia mimi." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Mchoro hukuuangalia hata mara moja. Mimi nilikuletea kazi, Hiyama. Wewe ukanipokea kama mgonjwa." Akaivuta kofia mpaka kwenye nyusi. "Treni yangu inafika. Nenda ukale, umekonda."

Wiki iliyofuata watu walijaa kwenye sinema na magazeti yakatusifu. Wengi waliandika kwamba filamu imeupita mfululizo, wachache kwamba haikuufikia, na Tokunaga alinipitia mezani akaniachia boksi la keki bila neno, jambo ambalo kwake ni shukrani kubwa. Nilikula keki zile bila kusikia ladha. Nilikuwa na aibu, aibu kavu ya mtu aliyetenda wema akagundua amemvunjia mwenzake heshima.

Siku ya kumi Wakui akaja tena na bahasha, akaiweka kwa mikono miwili.

"Mkewe anasema kazi hii imemchukua siku sita," akasema. "Alikuwa anaufunga mkono kwa kitambaa."

Ndani kulikuwa na karatasi kumi na mbili, zote za njano. Nilikwenda stoo nikatoa michoro yake ya asili, nikawasha taa ya meza, nikailaza njano ya kwanza juu ya ule mchoro aliouchora mwenyewe. Mstari ulikuwa unatetemeka zaidi kuliko mwanzo, hakujisumbua kuunyoosha. Nikalaza ya pili, ya tatu, ya nne, natafuta alichosahihisha, na nilipokiona nikaweka mkono mdomoni.

Kilikuwa kidole gumba. Kwenye michoro aliyoniletea Februari, gumba lilikuwa linafunguka pamoja na vidole vingine. Kwenye mfululizo, miaka saba nyuma, lilibaki. Vidole vinne vinaachia na gumba bado limeshika, nusu sekunde, peke yake, ndipo nalo linateleza. Hapo ndipo watu walipokuwa wanakatika moyo, na mimi nilikijua kipande kile kwa moyo tangu nikiwa mwanafunzi wake. Lilikuwa kosa la mchana kweupe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona. Yule mwanamke mwenye vibandiko aliliona, na sikumsikiliza. Pembeni ya karatasi ya mwisho Mwalimu alikuwa ameandika, kwa herufi zilizolegea: Kutetemeka amua wewe, ndiwe msimamizi. Gumba halina mjadala.

Diski hutoka miezi kadhaa baada ya filamu, na kabla ya hapo studio hupewa nafasi ya kurekebisha vipande vilivyoharibika. Nilikwenda kwa Tokunaga nikamwambia kipande cha mkono kina kosa, kosa langu, nataka kukirudia. Alinitazama kwa upole ule unaotisha, akaitikia kwa kichwa.

Kisha nikakaa mezani na zile karatasi kumi na mbili, safari hii nikazitazama kweli. Nikaenda polepole, moja moja. Ilipofika saa tisa alasiri nikainua simu.

"Nimekipokea, Mwalimu."

"Umekipitia?"

"Nimekipitia."

"Ulikuta nini?"

"Gumba ni sahihi, linabaki. Lakini karatasi ya saba ukucha mmeupandisha mno, umekuwa kama wa mtu mwingine. Na ya tisa kiwiko hakifuati mkono. Nimeziwekea njano zote mbili."

Upande wa pili nikasikia birika likiwekwa mezani, na mkewe akiuliza ni nani. Nikafumba macho.

"Kiwiko," akasema hatimaye. "Kiwiko kweli?"

"Kweli, Mwalimu. Kimekaa kama uyoga."

Akacheka, kicheko cha kukohoa nilichokuwa sijakisikia tangu enzi za ujia na makopo ya chai.

"Haya," akasema. "Mpe Wakui aniletee nikione."