Makombo ya Mbwa

Usinisifu kwanza. Ngoja nikueleze nilichomfanyia mama yangu, halafu uamue kama bado unataka kunipa mkono.

Maisha yangu yote nimesoma mifupa. Wafalme wa kale wa hapa kwetu Anyang, China, walipotaka kujua kama mvua itanyesha, au jino la mfalme linauma kwa hasira ya babu yupi, walichoma fupa la bega la ng'ombe mpaka likapasuka. Waliusoma ule ufa, kisha wakachonga swali lao papo hapo. Miaka elfu tatu baadaye wakulima wakaifukua mifupa hiyo wakidhani ni ya joka, wakawauzia wauza dawa ili isagwe itibu homa. Na kwa kuwa wauza dawa waliikataa yenye michoro, wakulima waliyakwangua maandishi kwa kisu.

Hapo ndipo nilipopatia jina. Kila mhadhara niliwacheka hao wakwanguaji, na watu walinipenda kwa hilo.

Mwaka wa 1935 nikaalikwa kuhutubia mjini kwetu. Ukumbi umejaa, wageni wametoka mji mkuu, Nanjing, nami nimevaa kanzu mpya ya msomi. Nikauliza kwa mbwembwe, "Ni mjinga gani aliyeyameza maneno ya wafalme?"

"Wewe, Makombo!" sauti ikatoka nyuma.

Loo! Mama. Nilikuwa nimemkataza kuja, nikisingizia kwamba ukumbi ni mbali atachoka. Kumbe wenzangu niliwaambia mama yangu alikuwa mwalimu, na alishafariki. Makombo ya Mbwa ni jina langu la nyumbani, baya makusudi ili mashetani wasinitamani.

"Ulikuwa na homa siku tisa," akasema, amesimama kwa shida juu ya miguu yake midogo, iliyofungwa vitambaa tangu utotoni isikue, kama walivyofanyiwa wasichana wa zamani. "Nilikwangua mwenyewe, nikasaga, nikakunywesha kwa uji wa mtama. Na ukapona! Sasa ujinga uko wapi hapo?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti, Bwana Ouyang, akaniinamia. "Profesa, unamfahamu bibi huyu?"

Nilitakiwa kusema maneno mawili tu: ni mama. Nikakohoa. Nikaanza kuzipanga karatasi zangu, na zilikuwa zimeshapangwa.

Mama akanitazama, nikamwona anaelewa.

"Aa, jamani, uzee huu!" akasema akijichekesha. "Nimemfananisha. Mwanangu mimi anachuuza vitunguu. Endelea, mwalimu, endelea."

Akatoka polepole akishika viti. Nami, Mungu anione, nikaendelea mpaka mwisho, na wakanipigia makofi.

Jioni nilimkuta jikoni anakata tambi. Nikapiga magoti palepale.

"Mama, nisamehe."

"Inuka, utachafua kanzu. Umekula?"

"Nitukane basi! Nipige hata na huo mti wa kusukumia unga!"

"Nikupige kwa lipi? Mtu mzima wewe, watu wanakuheshimu." Akanipangusia kiti kwa aproni yake, kama anavyofanyiwa mgeni. "Kaa, Profesa. Tambi zitapoa."

Nilizila zile tambi huku machozi yakinidondokea bakulini, naye akajifanya hayaoni.

Tangu hapo sikuwacheka tena wakwanguaji. Nilimtambulisha mama yangu kwa kila aliyenitembelea, Bwana Ouyang akiwa wa kwanza. Haikusaidia kitu. Aliishi miaka sita zaidi, na hata siku anakata roho, nimemshika mkono, aliniita Profesa.