Mlango Usiopitisha Mwanga

"Tazameni," baba alisema gizani, sauti yake imejaa furaha. "Hata uzi wa mwanga haupiti."

Alikuwa ameufunga mlango wa chumba cha wafungwa cha ngome ya kale tukiwa ndani, yeye, mimi na mdogo wangu, na sasa alikuwa akiupapasa kingo kama mtu anayetafuta swichi ya taa katika nyumba ya ugenini. Baba alikuwa fundi wa milango. Hakuwahi kumkabidhi mtu mlango kabla hajajifungia ndani na kutafuta mwanga pembeni mwake. Palipopenya mwanga ndipo fundi alipokosea, alisema, na hapo alitoa randa akaanza upya, mwenye nyumba akisubiri nje na kucheka. Basi alipoukuta ule mlango wa ngome, mbao nene kama godoro na hakuna ajuaye umri wake, mkono ulimwasha. Akauvuta kwa nguvu. Nje kitu kizito cha chuma kilianguka, na baba akaendelea kuusifu ufundi wa watu wa kale kwa kitambo kabla ya kuelewa kilichoanguka ni nini.

Lilikuwa komeo.

Safari yenyewe ilikuwa wazo la mama. Alichoka kusikia kwamba watoto wake wanakua bila kuona kitu zaidi ya maranda ya mbao, na baba, baada ya kuvutwa sana, akakubali. Lakini tulipotoka nyumbani asubuhi wawili hao walikuwa hawasemezani. Ugomvi ulikuwa juu ya mkoba. Ndani yake, chini ya chupa za maji, mikate na sweta za watu ambao hawakusikia baridi, mama alikuwa ameweka dawa ya kuvuta ya mdogo wangu, aliyekuwa na pumu. Baba alisema huo si mkoba, ni kabati, na kwamba mtoto alikwishapona zamani, ila anadekezwa.

"Huyu hana ugonjwa," alisema. "Ana mama."

Mama aliubeba mkoba akatangulia kutoka. Alipokasirika kweli alikuwa hasemi, na sisi tulilijua hilo kuliko baba. Tulipofika ngomeni alipanda peke yake juu ya kuta kutazama mizinga, mkoba begani, na baba akatushika mikono akatuteremsha kwenye vyumba vya chini. Dawa ilipanda juu, sisi tukashuka.

Mdogo wangu tulimwita Kasuku, maana mdomo wake haukuwa na breki. Mwanzoni giza lilimfurahisha. Aliuliza wafungwa walikula nini, walijisaidia wapi, na kama kuna aliyesahauliwa humo mpaka leo. Chumba kilikuwa na upenyo mmoja tu, juu ukutani upande wa bahari, mwembamba kiasi cha kupitisha mkono. Kwa mwanga wake hafifu nilimwona baba akiusukuma mlango kwa bega, kisha akafungua mkanda wake wa suruali. Alitaka kupenyeza ncha yake nje na kuliinua komeo. Ncha haikupata pa kupenya. Hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye, aliyetoka kuusifu mlango kwa jambo hilohilo. Mganga hajigangi.

Ndipo nilipogundua kwamba maswali yamekwisha.

Nilimwita Kasuku, hakuitika. Nikaisikia ile filimbi nyembamba kifuani mwake, sauti iliyokuwa ikiniamsha mara kwa mara kitandani pembeni yake. Nyumbani aliyeamka kila mara alikuwa mama. Baba alikuwa na usingizi mzito, au alijipa usingizi mzito, sijui. Humo hapakuwa na mama wa kuamka. Nilimwona baba akigeuza kichwa, akasikiliza, na niliona uso wake ukimshuka.

Alianza kuupiga mlango kwa ngumi. Yeye, ambaye angemfukuza mwanafunzi kazini kwa kuugonga mlango kwa nyundo pasipo kitambaa. Alipiga mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, na mbao zikameza kila pigo. Kisha akaacha ghafla, kwa kuwa kila alivyopiga ndivyo Kasuku alivyozidi kuhema. Akapiga magoti, akamwegemeza mgongo kifuani pake.

"Sikia bahari," alimwambia. "Huu ni mchezo. Wimbi likija, vuta. Likirudi, shusha. Polepole, hakuna anayetufukuza."

Halafu akaniambia mimi, kwa sauti ileile ya mchezo, nipande mabegani mwake. Alimkumbatia Kasuku kwa mkono mmoja, akajiinua kwa mwingine ukutani, akatubeba wote wawili. Nilitoa mkono kwenye upenyo nikapiga kelele hadi koo likauma. Upepo ulizirudisha zote usoni mwangu. Baba akaninyooshea kiatu cha Kasuku, cha manjano, kipya, alichonunuliwa kwa ajili ya safari.

"Kitupe," alisema.

Nilikitupa. Tulisubiri. Chini yangu baba alikuwa akiendelea, linakuja, linarudi, linakuja, na sauti yake haikutikisika hata kidogo. Lakini nilikuwa nimesimama juu ya mabega yake, na mabega yalikuwa yakitetemeka. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Filimbi ya Kasuku ilikuwa imeanza kukatika katikati, na kila ilipokatika nilibana pumzi yangu hadi irudi.

Kisha nikasikia mama akipiga yowe. Alikuwa ameinama juu ya ukuta, akatazama chini, akaona kiatu cha mwanawe kwenye mawe, maji yakikifikia. Baada ya yowe hilo ndipo alipouona mkono wangu ukipunga.

Komeo lilipoinuliwa, mlinzi wa ngome akiwa nyuma yake na funguo zisizohitajika, mama aliingia mbio. Alimpita baba kama nguzo, akaweka dawa mdomoni mwa Kasuku, akamvutisha mara moja, kisha tena. Tulimwangalia kifua. Kilipotulia, Kasuku aliuliza kiatu chake kiko wapi. Baba alikuwa ameegemea ukuta, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayengoja kuchapwa.

"Nilikiona kiatu," mama alimwambia, "nikajua sina mtoto."

Laiti angemtukana. Tangu siku hiyo, kifua cha Kasuku kikipiga filimbi, aliyefika kwanza kitandani alikuwa baba.

Mwaka jana Kasuku, ambaye sasa ana watoto wake na mdomo wake uleule, alisema anataka kuwapeleka ngomeni. Alisema ile ndiyo siku nzuri kuliko zote za utoto wake, siku baba alipotufundisha mchezo wa mawimbi tukarusha viatu baharini. Mama alianza kutafuta miwani iliyokuwa usoni mwake. Mimi na baba tulitazamana, na hakuna aliyemsahihisha.

Baba alikuja nasi, polepole, kwa magoti yake mabovu. Komeo lilikuwa limeng'olewa siku nyingi. Yalibaki matundu ya misumari tu, na aliyapitishia kidole moja baada ya jingine. Alijua kuliko mtu yeyote pale kwamba mlango ule hauwezi tena kumfungia mtu. Hata hivyo Kasuku na watoto walipoingia, aliufungua hadi mwisho, akaubana kwa mgongo na kukaza miguu. Wajukuu walimwita aingie aone giza.

"Naona vizuri hapa," alisema.

Wageni wengine walimwomba apishe kidogo wapige picha. Alikataa. Jasho lilimtiririka shingoni, nami nikasimama karibu yake. Watoto walitoka wakikimbizana, na mwisho kabisa akatoka Kasuku, anacheka. Baba alimtazama kifua kwanza, halafu ndipo akamtazama usoni.