Ndege wa Vitone

Persida alikuwa na miaka hamsini na minne, na nakshi mia na kumi kichwani. Hata moja hakuwahi kuichora. Pale Pirot, mji wa wafumaji wa mazulia huko Serbia, mfumaji anayechora nakshi kabla ya kufuma huonekana kama mtu anayeandika jina la mwanawe mkononi asije akalisahau. Vidole vinajua, mdomo unahesabu, basi. Yeye alizipata kwa mama yake, na mama yake alizipata kwa mama mkwe mwenye roho mbaya na mikono ya baraka.

Kwa hiyo Jumatatu ile ya Novemba, mwaka wa themanini na tano, Ndugu Svetozar, mkurugenzi wa ushirika, alipowakusanya wanawake katikati ya vitanda vya mfumi na kuwaambia kwamba ushirika utaanza kuhifadhi nakshi kwenye kompyuta, Persida hakuona ubaya wowote. Ubaya ulikuja na maneno yaliyofuata.

"Mtamsomea mhandisi Miomir nakshi zenu, mstari kwa mstari, na yeye ataziingiza. Zikishaingia ni za ushirika. Ufunguo wa chumba cha kompyuta atakaa nao yeye."

"Na sisi?" akauliza Zorka, ambaye kwa miaka ishirini alifuma bega kwa bega na Persida kwenye kitanda kimoja.

"Ninyi mtafuma mtakachopewa."

Wanawake wakatazamana. Persida hakuinua macho, aliendelea kupitisha uzi wake mwekundu wa mshindio katikati ya nyuzi za mtande.

"Mimi simsomei mtu," alisema. "Nakshi yangu nitaiingiza mwenyewe."

Mkurugenzi alicheka kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma Persida kuliko kicheko. "Mama Persida, ile si kinu cha kahawa. Inataka programu. Watu wanakwenda chuo kikuu Belgrade miaka mitano kujifunza kuandika programu."

"Mimi hapa nimekaa arobaini. Nipe mpaka Ijumaa ya wiki ijayo nikuwekee nakshi moja kwenye kioo cha kompyuta."

"Ukishindwa?"

"Nikishindwa nitamsomea zote mia na kumi, na kahawa nitamchemshia. Nikiweza, ufunguo nakaa nao mimi."

Svetozar akampa mkono mbele ya watu wote. Alikuwa na hakika yake.

Miomir alifundisha kompyuta Jumanne na Alhamisi jioni kwenye klabu ya ufundi, ghorofani juu ya kituo cha zimamoto. Kompyuta yenyewe aliiunga kwa mikono yake kutoka kwenye vipuri vilivyokuja kwa posta, akaifunika kwa ubao, akaiunganisha na televisheni ya zamani isiyo na rangi. Habari za dau zilikuwa zimemfikia. Hakumfukuza Persida, lakini hakumkaribisha pia.

"Kaa pale, shangazi. Tazama tu, usiguse."

"Nitajifunzaje kitu nisichokigusa? Wewe kuogelea ulifundishwa kwa barua?"

Watu wawili watatu waliokuwa mle ndani wakacheka. Miomir akasogea, akamwachia kiti.

Programu ya kwanza ilikuwa ya kuifanya mashine iandike jina lako. Persida aliandika kwa kidole kimoja, polepole, kila herufi akiitafuta kama anayetafuta sindano zuliani. Amri zilikuwa za Kiingereza, lugha ambayo hakuijua hata salamu yake, basi alizishika kwa sura, kama anavyozijua nakshi. Alipomaliza, kioo kilimrudishia neno moja.

"Inasemaje?"

"Inasema 'nini?'" Miomir alimweleza. "Ina majibu matatu tu ya kukataa. 'Nini?' maana yake haikuelewa ulichoandika. 'Vipi?' maana yake imeelewa lakini haiwezekani. 'Samahani' maana yake imejaa."

"Nina mume mwenye majibu hayohayo," alisema Persida, "na ile ya tatu sijaisikia bado."

Alirekebisha, akaendesha tena. PERSIDA, kikaandika kioo. Alilitazama jina lake likiwaka pale. Kisha akalifuta, kwa kuwa hakuja kwa ajili ya jina.

Alhamisi Miomir alifundisha namna ya kuiambia mashine irudie kazi. Alitumia saa nzima, ubao ukajaa chaki. Persida alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Unasema niweke kitone, nisogee, niweke tena, mpaka kumi na mbili, halafu nipande mstari?"

"Ndiyo."

"Saa nzima unanieleza kufuma."

Kuanzia hapo aliiandika programu yake akiwa kazini, kichwani, mikono ikifuma kitu kingine. Alimchagua ndege, wa nakshi ya zamani, mwenye mkia wa ngazi na kishungi kichwani. Zorka alimsikia akinong'ona. Toka ishirini mpaka ishirini na nne, weka. Ruka mbili. Panda. Toka kumi na tisa.

"Shoga, unafuma au unaomba dua?"

"Naongea na sanduku."

"Likikujibu niite. Langu la nyumbani linakoroma tu."

Jumanne aliingiza nusu ya ndege. Alhamisi akaingiza nusu iliyobaki, mashine ikamwuliza 'nini?' mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja alitafuta kosa lake mwenyewe. Mwishoni alikuwa na kitu kilichomfurahisha: kila kitone, kiwe cha mguu au cha kishungi, kilipita kwenye mstari mmoja wa programu, wenye namba tisini, kama nyuzi zote zinavyopita kwenye mkono mmoja. Alipomaliza mstari wa mwisho, kabla hajaiendesha programu hata mara moja, saa ilikuwa imekwisha na mlinzi anatikisa funguo mlangoni. Miomir aliipitia programu kwa kidole kutoka juu mpaka chini, akatabasamu kidogo, asiseme neno. Mashine ile ilihifadhi programu kwenye kaseti za muziki, basi akairekodi kwenye ile aliyoileta Persida, juu ya tarumbeta za harusi ya binti yake.

Ijumaa saa kumi ushirika mzima ulipanda ngazi za zimamoto. Svetozar alikaa mbele, koti amevaa. Kaseti ilipiga makelele ya panya waliofungiwa koponi, kisha ikanyamaza. Persida akaandika amri ya kuendesha.

Vitone vilianza kuwaka, kimoja kimoja. Miguu ikatokea, juu kabisa ya kioo. Chini yake tumbo, kisha shingo. Mwishoni kishungi kikaning'inia chini. Ndege alikuwa kichwa chini miguu juu, kama kuku wa sokoni Jumamosi.

"Mama Persida amechinja," alisema Svetozar. Kicheko kikajaa chumba.

Miomir alikohoa. "Kompyuta inahesabu mistari kutoka juu. Mstari wa sifuri uko darini. Hilo kila mtu analijua."

"Kila mtu yupi?" aliuliza Zorka. "Nani anaanza zulia darini?"

Wanawake wakaacha kucheka. Hakuna anayeanza darini. Unafunga chini, unapanda. Kosa lile asingelifanya mwanafunzi yeyote wa Belgrade, na kila mwanamke mle ndani angelifanya.

Persida aliinuka, akaikumbatia televisheni, akaipindua juu chini mezani. Ndege akasimama wima.

"Sasa anaangalia kushoto," alisema Miomir. "Programu inamtaka aangalie kulia. Umemgeuza."

"Zulia letu lina upande wa nyuma?"

Miomir alikuwa mzaliwa wa palepale. Alijua kwamba halina, kwamba kushoto kwa upande huu ni kulia kwa upande ule na pande zote mbili ni sawa. 

"Kupindua televisheni si programu," alisema Svetozar akiinuka. "Tulikubaliana mpaka leo. Jumatatu utaanza kumsomea."

"Leo haijaisha. Kaa, Ndugu Mkurugenzi. Zorka, nishikie hii, nzito."

Waliirudisha. Persida akaketi. Miomir akanyoosha mkono kwenye kibodi. "Ni mstari mmoja tu, shangazi, ngoja nikuo—"

"Toa mkono. Jana uliona ukanyamaza. Na leo nyamaza vilevile."

Mkono ukarudi mfukoni.

Mistari ya kioo ilikuwa arobaini na minane. Yeye anapanda, mashine inashuka. Basi kila anapopanda, apunguze kutoka juu. Akaufungua mstari wa tisini wa programu, akaandika arobaini na nane, toa mstari. Akaendesha.

'Vipi?' ikauliza mashine. Mtu akaguna nyuma. Svetozar akatazama saa yake.

Persida alihesabu kwa vidole gotini, kama anavyohesabu nyuzi. Kama mstari wa kwanza unaitwa sifuri, wa mwisho si arobaini na nane. "Nani anaanza kuhesabu kwa 'hakuna'?" alinung'unika, lakini kidole kilikuwa tayari kinafuta nane, kinaandika saba.

Safari hii kitone cha kwanza kiliwaka chini. Miguu ikasimama. Mkia ukajengeka ngazi kwa ngazi, kifua kikafuata. Ndege alipanda kwenye kioo kama zulia linavyopanda, na wanawake walihesabu naye kimya, midomo ikicheza, mpaka kishungi.

"Nakshi moja," alisema Svetozar. "Zimebaki mia na tisa. Itabidi kamati ikae kwanza, suala la ufunguo ni..."

"Kamati ikae," alisema Zorka. "Hata mwezi. Sisi tutasubiri nyumbani. Mkitaka nakshi, muulizeni mhandisi anazikumbuka ngapi."

 Wanawake walianza kuvaa mitandio, wote kwa pamoja, bila haraka. Svetozar aliwatazama, akamtazama Miomir, naye Miomir alikuwa anatazama sakafu. Mkurugenzi akauchomoa ufunguo kwenye mkufu wa funguo zake, ukamchukua muda mrefu kutoka, akauweka mezani badala ya kumpa mkononi.

Persida akausukuma nyuma kwake. "Nilikupa mkono. Nipe mkononi."

Akampa.

"Na mimi?" Miomir aliuliza wakati wengine wakishuka ngazi. "Niliambiwa kazi ni yangu."

"Jumatatu uje ushirikani. Soketi ya chumba kile inatoa cheche, mimi umeme siujui." Alikuwa anafunga mtandio wake. "Utabisha hodi."