Sarafu ya Vichwa Viwili

Sarafu ilikuwa ya bandia, na aliyeitengeneza alikuwa baba yao. Mizani alilijua hilo mapema, lakini aliendelea kuizungusha chini ya lenzi, kwa sababu aliyeileta alikuwa kaka yake, na alikuwa ameketi mbele yake akisubiri.

Jina la Mizani alipewa na kazi. Alikuwa na chumba kimoja juu ya duka la viatu, na humo watu walimletea sarafu zilizokosewa kiwandani: iliyopigwa muhuri kando ikatoka nusu kipara, au iliyopigwa mara mbili. Yeye alisema ipi imekosewa na mashine na ipi imechezewa na mjanja, kisha akataja bei. Bei ya haki, alizoea kusema, ni ile ambayo muuzaji na mnunuzi wote wanaondoka wamenuna kidogo.

"Haya, sema basi," kaka alimwambia. "Nimepanda ngazi zako na mguu huu, nisishuke mikono mitupu."

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye mkebe wa tupa za mzee, imeviringishwa kitambaa. Vichwa pande zote mbili! Mnunuzi wako akiiona si atamuuza mkewe?"

"Mkewe ndiye atakayemuuza yeye."

Kaka alicheka peke yake.

Mizani aliipima: ilipungua kidogo. Akaigonga juu ya kioo. Sarafu nzima huimba. Hii ilifanya ko, kama mlango uliovimba. Ndani ya ukingo palikuwa na mshono mwembamba kama unywele. Mtu alikuwa amekomba sarafu moja ikawa kama kisahani, akapunguza nyingine ikaingia humo, akazibana. Kazi hiyo haifanyiki bila mashine ya kukereza vyuma, na baba yao alikereza vyuma karakanani hadi mgongo ulipokataa. Tena alikuwa mtu wa mashoto. Mikwaruzo ya tupa ukingoni ililala kinyume, kama ilivyolala kwenye kila bawaba ya nyumba waliyokulia.

Walipokuwa wavulana, wote wawili walifaulu darasa la saba mwaka mmoja, maana ugonjwa wa mguu ulikuwa umemrudisha kaka nyuma. Ada ya sekondari ilitosha mmoja. Baba aliwasimamisha uani. "Kichwa, anakwenda kaka. Ngao, unakwenda wewe. Sarafu haina mpendwa." Akairusha, ikaanguka kichwa, akaiokota upesi akaitia mfukoni. Wiki iliyofuata Mizani alikuwa anabeba magunia.

"Ni ya kiwandani, sivyo?" kaka aliuliza.

Sauti ilikuwa imebadilika. Mizani aliinua macho, akaelewa kwamba kaka hakuja kutafuta bei. Alikuwa mwalimu mstaafu, hakuwa mjinga. Alikuwa amekaa na sarafu ile peke yake, akafikiri hadi akaogopa.

"Mdogo wangu, niambie ni ya kiwandani. Kwamba mzee alirudishiwa chenji dukani, akairusha bila kuitazama."

Neno moja tu lilitakiwa. Marehemu angelala safi, na kaka angeshuka ngazi akiwa yule yule aliyepanda. Mizani alilifungulia mdomo. Lakini kwenye meza ile hakuwahi kuiita bandia halali, hata kwa mtu aliyelia, na ulimi haukujua njia.

"Kiwandani mihuri ya juu na ya chini haifanani umbo," alisema. "Wa kichwa hauingii mahali pa ngao. Hii ina mshono, kaka. Na tupa ni ya mashoto."

Kaka aliutazama mguu wake kama mtu anayemtazama mgeni aliyekula chakula cha watoto.

"Alikuonea," alisema.

"Alifikiri vizuri. Mwenye miguu miwili angebeba magunia akala. Wewe ungekula nini?"

"Basi angesema!"

"Angeniuliza," Mizani alisema polepole. "Ningemwambia mpeleke kaka. Ningemjibu kabla hajamaliza swali."

"Siku ile ulisema nini?"

"Nilisema nina mkosi."

Na alilishika neno hilo kama dini. Binti wa muuza mkaa alimsubiri msimu mzima aende kuposa, naye hakwenda. Mtu wa mkosi anaposa nini? Aliposikia kaka amepata kazi, kaka amejenga, alitema mate chini na kujisemea kwamba bahati ina kwao. Misibani walikaa mikeka tofauti.

Kaka alifuta uso kwa kiganja. Aliisukuma sarafu katikati ya meza.

"Nipe bei yake. Ya haki."

Mizani alinyoosha mkono wa kushoto, akaanza kukunja vidole, kimoja kimoja, kama anavyomhesabia mteja yeyote.

"Sarafu mbili nzima, zimeharibika zote, hazinunui hata kiberiti. Jioni moja ya baba kwenye mashine, wenzake wameshakwenda nyumbani. Sekondari yangu. Binti wa muuza mkaa."

Kilibaki kidole gumba. Alikitazama kwa muda, kisha akakikunja nacho.

"Na wewe, kaka. Tangu siku ile sikuwahi kukupenda."