Dawa ya Kuku wa Mwanawetu

Kaimu alikuwa na ugonjwa mmoja: akiona watu wamekusanyika, lazima wacheke kwa sababu yake. Na siku ile mkutano wa kijiji pale Kilimarondo ulifurika, maana habari ilikuwa bangi.

Dastani, aliyekuja likizo kutoka Dar, ndiye aliyelianzisha. Alisoma kwenye simu majina ya nchi zilizoruhusu, akauliza kwa nini na sisi tusiruhusiwe kulima, korosho zenyewe bei haieleweki. Mama Goreti akamjia juu: mwanawe ameharibika akili kwa moshi huohuo, nani atamrudishia? Basi ikawa vurugu, huku hivi, kule vile.

Kaimu akainuka. "Jamani, bangi ni dawa. Muulizeni mtani wangu Mwanawetu. Kideri kimemaliza kuku kijiji kizima, wa kwake wanadunda. Anawachumia majani nyuma ya jiko, wanalewa kuliko wachimba dhahabu wa Namungo."

Watu walicheka mpaka wakakohoa. Mwanawetu, mjane wa miaka sitini, akamjibu palepale: "Huyo ana wivu. Kuku wake aliwala wote wangali vifaranga." Koo zao ni watani tangu enzi za mababu; hutukanana hata msibani, na anayenuna ndiye mwenye makosa.

Ila mezani alikaa polisi kata mpya, mtu wa mkoa wa mbali, hata mwezi hajamaliza kwetu. Yeye hakucheka. Aliandika.

Kesho yake polisi wakaja, wakaikuta miche miwili nyuma ya jiko, wakamchukua Mwanawetu mpaka Nachingwea mjini. Miche miwili tu, lakini kwa bangi sheria haina utani. Wanaojua walisema anaweza kufungwa miaka thelathini. Sitini jumlisha thelathini, hesabu mwenyewe.

Kaimu chakula kikamshinda. Si mdomo wake peke yake uliomtesa. Mbegu za miche ile alizileta yeye, mwaka aliorudi kutoka kuchimba dhahabu kule Ruangwa mikono mitupu. Alimpa Mwanawetu kwenye kipande cha gazeti, akamwambia awachanganyie kuku majani na pumba. Na kila Idi jogoo mmoja wa Mwanawetu alikuja kwake, naye alikula bila haya.

Siku ya tatu akapanda bodaboda mpaka kituoni. "Mbegu nilimpa mimi," alisema kaunta. "Mfungueni yule mama, nikamateni mimi."

Polisi kata alikuwepo. "Wewe ni nani yake?"

"Mtani wake," Kaimu akajibu kwa mazoea.

Kumbe yule bwana alikuwa ameshafundishwa mila zetu. Akacheka, na wenzake wakacheka. "Mwenyewe ameandikisha kwamba mbegu ni za marehemu mumewe. Nenda nyumbani, mzee. Hapa hatutanii."

Kaimu akaapa kwa Mwenyezi Mungu. Alivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kucheka. Mara Mwanawetu akatolewa, apelekwe mahakamani, khanga kajifunika mpaka machoni.

"Mtani, waambie," Kaimu alimsihi, machozi yanamtoka. "Waambie mbegu ni zangu."

Askari wakatulia kusikiliza, wakingoja kichekesho. Miaka arobaini Mwanawetu hakuwahi kukosa la kumrudishia.

"Kuku wangu wape maji," alisema, akapanda gari.