Hema la Watu Mia na Thelathini

Kiwanda chetu cha magodoro kina wafanyakazi mia mbili na kumi na wawili. Najua kwa sababu mimi ndiye karani wa utawala, na kila mwezi ndiye ninayehesabu sabuni na glovu za kuwagawia. Kwa hiyo meneja utumishi aliponiambia nitafute hema la watu mia na thelathini kwa sherehe ya kampuni kutimiza miaka ishirini na mitano, nilidhani amekosea, nikamsahihisha. Huwa najisikia vizuri sana ninapomsahihisha mkubwa.

Meneja huyu tunamwita Kimyakimya kwa sababu ya viatu vyake vya mpira. Unashtukia tu yuko nyuma yako anasoma unachoandika. Siku hiyo alifunga mlango, akaketi, akanisogezea kwanza karatasi ya kusaini. Ilisema kwamba nitakayoyasikia humo hayatatoka nje, na yakitoka, na mimi nitoke. Nilisaini kwa kimbelembele, nikijiona sasa ni mtu wa ndani. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Ndipo akanieleza kuwa siku mbili kabla ya sherehe, watu themanini na wawili watapewa barua za kuachishwa kazi, maana mashine mpya za kushona ziko njiani. Akanipa orodha ya watakaobaki ili nipange viti. Jina langu lilikuwemo. Niliisoma orodha hadi chini, nikairudia tena hadi juu. La wifi yangu halikuwemo.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ameshona vitambaa vya magodoro pale kwa miaka kumi na miwili. Tangu ndoa yake ivunjike anaishi kwetu, chumba cha nyuma, yeye na binti yake wa darasa la tano. Tunagawana jiko, kamba ya kuanikia nguo na mwanamume mmoja, yeye kaka yake, mimi mume wangu, na kila mmoja anaamini fungu lake ndilo dogo. Tunapendana kwa kuumana na kupulizana. Ila wifi hana kifua. Ukimnong'oneza jambo asubuhi, saa ya chai linajadiliwa getini. Na mume wangu hajawahi kumficha dada yake kitu. Kwa hiyo sikumwambia yeyote, nikawa napika, nakula na kulala na watu ninaowadanganya.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, fundi wa mahema alikuja kupima uwanja wa kupakilia. Alikuwa mzee mfupi, tepu imening'inia shingoni. Akagonga sakafu kwa kisigino, akasema hii ni zege, vigingi havitaingia, itabidi kamba zifungwe kwenye mapipa ya mchanga. Meza kumi na tatu za watu kumi kumi, jukwaa upande wa ukuta. Tulikuwa bado tunahesabu hatua pale kengele ya chakula ilipolia na watu wote wakamwagika nje. Fundi akawatazama, akaitazama karatasi yake, akauliza kwa sauti hawa wote watakaa wapi. Nikasema wengine watakuwa zamu. Wifi alikuwa anapita na bakuli lake. Alicheka, akasema siku ya sherehe hakuna zamu, na kama viti havitoshi yeye atasimama.

Kisha, kwa kuwa hawezi kuona tundu asilitie kidole, akashika kipande cha ukuta wa hema ambacho fundi alikileta kama sampuli, akamwambia uzi aliotumia utaoza kabla ya kitambaa. Mzee hakukasirika. Alimuuliza maswali mawili matatu, akaomba aone mshono wake, akauvuta kwa nguvu zote usikatike. Pale pale akampa kazi. Mshonaji wake anaacha, karakana iko mji wa pili, kazi ni ya kudumu na kuna chumba cha kuishi. Ila alitaka jibu kabla ya Jumatano ya wiki ya sherehe, kwa sababu kuna mwingine anasubiri.

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Nilijua mlango umefunguka, kilichobaki ni mtu kupita.

Jioni wifi alinifuata jikoni. Alisema haoni sababu ya kuhama. Hapa ameshazoeleka, na mwakani ameahidiwa usimamizi wa zamu. Kisha akaegemea mlango.

"Lakini wewe uko ofisini, wifi. Unaonaje, niende au nibaki?"

Nikaona karatasi yenye saini yangu, nikaona geti saa ya chai.

"Nenda," nikasema.

"Kwa nini?"

"Nenda tu. Kazi ni nzuri." Aliendelea kuningoja, nami kwa kuhaha nikaongeza, "Na chumba kipo."

Mdomo huu. Miezi mitatu nyuma tuligombana wiki nzima kuhusu chumba chake, kwamba wanangu hawana pa kulala. Uso wake ulibadilika.

"Kumbe," akasema. "Ungesema tu nimewachosha."

Nilimwambia sivyo. Akaniuliza ni vipi basi, nami nikageukia sufuria. Kuanzia usiku ule kila aliyetaka kusikia alisikia kwamba haendi ng'o, hafukuzwi kwa kaka yake na mwanamke aliyeletwa na ndoa tu. Mume wangu aliniuliza dada yake amenikosea nini. Nyumbani nilikuwa mchawi, kazini nilikuwa nachagua rangi ya vitambaa vya meza. Sijawahi kubanwa namna ile.

Nikaenda kwa Kimyakimya kumwomba aongeze jina moja tu. Hakukataa. Alisema hesabu ni mia na thelathini, akiingia mmoja anatoka mmoja. Akanisogezea orodha na kalamu.

"Utamtoa nani?"

Nilipitia majina. Dereva mwenye watoto sita, mpishi, bawabu mwenye mguu mbovu. Langu lilikuwa la tatu kutoka mwisho. Nililitazama muda mrefu kuliko yote. Kisha nikamrudishia kalamu yake, nikaenda kupigia simu watu wa vipaza sauti.

Jumanne jioni wifi alimpigia fundi simu akiwa uani, kwa sauti ya kunifikia mimi jikoni. Alimshukuru, akasema ampe kazi huyo mwingine. Ningeweza kutoka nikamnyang'anya simu. Nilikuwa na mwiko mkononi, nikaendelea kukoroga chungu ambacho kilikuwa kimeshaiva.

Alhamisi barua zikatoka. Wifi alirudi nyumbani saa nane mchana. Niliporudi jioni nilimkuta amekaa jikoni, barua iko mezani, binti yake ametumwa kwa jirani.

"Ulijua," akasema.

"Nilisaini, wifi. Wangenifukuza."

"Ulijua tangu lini?"

Nikamwambia. Alihesabu siku kwa vidole, polepole. Nikajitetea kwamba nilimwambia aende, nilijaribu. Akasema nilimwambia aende kama mtu anayefukuza kuku. Laiti angepiga kelele; kelele tumezizoea, ningejua pa kushika. Aliikunja barua mara nne, akaitia kifuani.

"Ingekuwa mimi," akasema, "ningekwambia."

Nilitaka kumjibu kwamba asingeweza, kwamba saini ni saini. Lakini namjua. Angeniambia siku ileile kabla wino haujakauka, angefukuzwa, na angerudi nyumbani akicheka. Nilisimama pale mkoba ungali begani mpaka akaondoka kwenda kumchukua mwanawe. Kesho yake nilitakiwa niwahi kazini kumpokea fundi na nguzo zake, na niliwahi.