Chuma Alichobeba Leonia

Mashine ya sidii ya mke wangu Dominika ilikaa juu ya kabati masika yote, imefunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Kila nilipoiwasha ilitoa taa yake ya kijani, kisha kimya. Mimi nilishajua wa kulaumiwa. Umeme wa mji huu unatoka kwenye jenereta linalokohoa kama mzee wa tumbaku, na wenye dhamana wapo tu. Walishanimalizia lori, wakanimalizia mke, sasa wamemaliza na mashine.

Lori halikuwa langu kwa karatasi. Lilikuwa la shirika la mahindi, lakini dereva nilikuwa mimi, Tunduma mpaka Kasesya. Wakasema sasa ni soko huria. Malori yakauzwa, nikapewa mkono wa kwaheri, leo naziba pancha karibu na stendi. Dominika alipougua, hospitali wakaniambia dawa kajinunulie mwenyewe dukani. Niliporudi na chupa ya dripu, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Mashine aliachiwa na mhandisi mmoja wa kizungu wa mradi wa visima, ambaye Dominika alikuwa akimshonea mapazia. Ilikuwa nzito mno kupanda nayo ndege. Baadaye yule bwana akatuma kwa posta sidii moja ya kwaya ya parokia, aliyoirekodi wakati wa Noeli kabla hajaondoka. Kila wimbo Dominika anauanza peke yake, ndipo wenzake wanaingia. Jioni nilikuwa nikiingia ndani namkuta anaimba mara mbili, kabatini na jikoni. Mashine nilimwachia yeye, mimi mikono yangu ina grisi. Sasa sauti yake imebaki kwenye ile sidii tu, hakuna pengine.

Nikaibeba mpaka kwa fundi Obed, mtu wa Tukuyu, anayetengeneza redio kaseti pale sokoni.

"Mzee Wilibrodi, umeibeba mgongoni?"

"Nani angenibebea, serikali?"

Akaifungua. Akaniita niinamie na mimi.

Chini kulikuwa na bamba la chuma nene kama chasisi ya lori, limevikwa shaba. Transfoma zilikuwa mbili, za mviringo kama ngata za kubebea maji, kila moja kwenye kichumba chake.

"Mbili za nini?" nikauliza.

"Hii inalisha mota na taa. Hii inalisha sauti peke yake, isichafuliwe na wenzake. Kama nyumba yenye jiko la pombe na jiko la ugali." Akagusa kati kwa bisibisi. "Na kijicho kinachosoma sidii kimening'inizwa kwenye mipira, kama injini ya lori. Akipita mtu hapa na buti, chenyewe hakisikii."

"Sasa umeme wao umeunguza kipi?"

"Hakuna. Umeme mchafu unachujwa hapa mlangoni. Si umeme, mzee."

Ikaniudhi kidogo.

Mashine ile haina droo. Unasukuma kifuniko, unaweka sidii kwa juu. Obed akaiweka, ikazunguka, ikateleza, ikasimama. Akadondosha sindano katikati, ikaganda pale pale.

"Kuna sumaku. Maana yake kuna chuma kinakaa juu ya sidii kuibana. Cha mviringo, kizito. Kiko wapi?"

Nikakaa juu ya gurudumu bovu lililokuwa pale. Chuma nilikijua. Cheusi, kimebandikwa kitambaa chekundu kwa chini. Dominika alikuwa akikandamizia nguo wakati wa kukata, na mimi siku zote nilidhani ni cha ushonaji.

"Kipo Matai," nikasema. "Kwa dada yake."

"Si ukakichukue?"

"Wewe hujui kwetu. Matanga yakiisha, ukoo wa mke wanachukua vitu vyake. Kikapu cha ushonaji alipewa huyo dada yake, Leonia, na vyote vilivyomo. Kilichotoka hivyo hakirudi kwenye nyumba ya msiba. Kikirudi, kinarudi na msiba mwingine."

Obed akacheka, akaona mimi sicheki, akaacha.

Nilikwenda Matai juu ya magunia ya mtu mwingine, ndani ya lori nililowahi kuliendesha. Leonia anauza dagaa wa Kasanga. Upepo ulikuwa ule wetu wa kiangazi, na juu ya nailoni ya kufunikia dagaa, pale pembeni, kilikaa kile chuma.

"Shemeji," akasema bila kusimama. "Nani kafa?"

"Hakuna."

"Basi umekuja kununua. Maana kusalimia hujui."

"Nimekuja kwa hicho chuma. Ni cha mashine."

"Ni cha kikapu. Nilipewa mbele ya wazee na wewe upo, umekaa kama gunia. Nikurudishie, halafu afuate nani? Wewe au mimi?"

Nikamweleza habari ya sidii. Mkono wake ukabaki ndani ya dagaa.

"Dominika yumo humo?"

"Yumo. Anaanza peke yake."

Hakuwahi kuisikia. Tangu mdogo wake azikwe hakukanyaga kwangu.

"Ulichelewa kumpeleka," akasema.

"Nilimpeleka. Dawa hazikuwepo. Wakubwa walishaamua kila mtu..."

"Wakubwa. Aliyelala naye nyumba moja akisikia anakohoa ni wewe au ni wakubwa?"

Nilishikilia ile nailoni isipeperuke wakati anampimia mteja.

Mteja alipoondoka, akakichukua chuma, akakipangusa kwa kanga. "Nitakuja siku ya gulio. Nitakibeba mimi, nitakiweka mimi, nitaondoka nacho. Hapo hakijarudi. Kimetembea tu."

Siku ya gulio alifika na beseni kichwani. Nyumba nilikuwa nimeifagia, chai ipo. Chai hakuigusa. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa. Nikaweka sidii. Akafungua pindo la kanga, akakishusha chuma, na sumaku ikakivuta mkononi mwake, tap. Akashtuka kidogo. Nikafunga kifuniko.

Kwanza kukawa na ukimya wa kanisa, watu wanakohoa mbali, benchi linalia. Kisha Dominika akavuta pumzi. Ile pumzi, miaka yote, jikoni sikuwahi kuisikia. Akaanza.

Leonia alijifunika uso. Mimi nilitazama ile taa ya kijani na kungoja wakate umeme, kama kawaida yao. Siku hiyo hawakukata. Nyimbo zote zikaisha, moja baada ya moja, na kila moja ikianza yeye alivuta pumzi yake kwanza.

Leonia akainuka, akakichomoa chuma, akakifunga kwenye pindo.

"Kiache mpaka gulio lijalo," nikasema.

"Shemeji," akasema, kwa namna ile ya kumwambia mtoto.

Mlangoni akageuka. "Hiyo chai yako umeunguza majani. Gulio lijalo nitaipika mimi."

Akaenda. Nilipotoa sidii ilikuwa inanuka dagaa. Sikuifuta.

Wiki hiyo Obed alipita pale ninapozibia pancha, anafurahi. "Mzee, nimepata mtu Mbeya ana mashine ya kukerezea chuma. Nimpe vipimo, anatengeneza kingine sawasawa. Utasikiliza kila siku."

Nilikuwa nimeshika mpira wa ndani wa baiskeli majini, natafuta tobo. Nikaugeuza, nikaugeuza tena.

"Achana naye," nikamwambia. "Vitu vya siku hizi vyote feki. Wakubwa wameruhusu kila takataka iingie."

"Lakini hiki si cha kuingizwa, mzee, kinakerezwa hapa hapa."

"Nimesema achana naye."

Akaniangalia, akapandisha mabega, akaenda zake. Tobo nikaliona, mapovu yanatoka polepole. Siku hiyo, nikirudi nyumbani, nilipita dukani kununua majani ya chai.